Muhuri Kwenye Kila Swali

Nikiikumbuka asubuhi ile ya Ruiru, mwanangu, kitu cha kwanza kunijia si kompyuta. Ni Cucu Wangari, bibi kizee wa ng'ombe mmoja, amesimama kando ya mtaro nyuma ya chama chetu cha maziwa, ameuinamisha mtungi wake wa alumini, anamwaga maziwa polepole mpaka tone la mwisho. Hakulia. Alipomaliza aliufunika mtungi, akakaza kitambaa chake kichwani, akashika njia ya kurudi Mugutha kwa miguu. Mimi nilikuwa dirishani nikimtazama, na maziwa yale niliyaharibu mimi.

Nakusimulia haya kwa sababu ya simu yako ya juzi. Umeniambia seva ya kazini kwenu inahema, prosesa imejaa kazi kutwa nzima, swali dogo linachukua muda mrefu kujibiwa, na tayari mmeamua kununua seva kubwa zaidi. Ukataka nikubaliane nawe. Sikukubali, na najua ulikasirika, maana hasira hizo umezirithi kwangu. Basi mimina chai ukae. Jibu langu ni refu kidogo.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na sita, nimepanga chumba kimoja Makongeni, Thika, na kila alfajiri nilikuwa nateremka Ruiru kufanya kazi kwenye chama cha ushirika cha wafugaji. Mimi ndiye niliyekuwa msichana wa kompyuta. Hakukuwa na mwingine. Wakulima waliniita Injinia, nami sikuwasahihisha. Nilikuwa na viatu vya kisigino nilivyovaa kwenye sakafu ya saruji iliyolowa maji ili watu wasikie ninapokuja. Unacheka, lakini picha ipo, nitakuonyesha.

Chama kilikuwa kimeachana na kadi za karatasi, kikanunua seva moja na kompyuta mbili za dirishani. Programu niliiandika mwenyewe. Mkulima alikuwa akifika getini anapewa namba ya foleni, kisha anangoja hadi afike dirishani. Pale dirishani karani alikuwa Zainabu, binti wa Thika mwenye vidole vyepesi kuliko vyangu, pamoja na mwenzake mmoja. Karani aliandika namba ya mwanachama, seva ikajibu kama ng'ombe wake wamechomwa sindano za dawa hivi karibuni, kwa kuwa maziwa yenye dawa hayaruhusiwi kuingia kwenye tangi. Jibu likiwa zuri, mkulima anapanda jukwaani, maziwa yake yanapimwa, yanamiminwa. Bila jibu la seva hakuna mtungi uliopanda jukwaani.

Anayepima alikuwa Mzee Karanja. Ndiye pia aliyefungua geti alfajiri na kugawa namba za foleni, na kila namba aliyotoa aliiandika kwenye daftari la shule, pamoja na namba ya mwanachama, na saa kando yake, kutoka kwenye saa yake ya mkononi ambayo aliipiga piga kabla ya kuisoma. Mtu mwembamba, koti jeupe, hapayuki. Alikuwa na kichupa cha spiriti. Alichanganya matone kadhaa na maziwa kidogo, akatikisa, akakuonyesha mwenyewe. Yakiganda, maziwa yameanza kuharibika, na hakuna la kubishana.

Sasa nikuambie nilichokifanya, maana nilikifanya kwa majivuno kabisa.

Watu walikuwa wakilalamika kwamba makarani wanawaruhusu jamaa zao waruke foleni. Mwenyekiti wetu, Bwana Mwangi wa Murera, mwanamume mwenye sauti kubwa na moyo mzuri, aliniuliza kama mashine inaweza kuonyesha nani amemhudumia nani, na saa ngapi. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Nikaenda nikatengeneza nilichokiita muhuri. Kila karani alipouliza seva jambo, programu yangu ilibandika juu ya swali lenyewe jina lake, tarehe, saa, dakika na sekunde. Chini yake ikaandika namba ya mwanachama ndani ya swali, na likatumwa hivyo. Nilimwonyesha mwenyekiti jinsi ya kuona mihuri yote kwenye skrini, akapiga meza kwa furaha. Akaongeza ombi jingine: karani amjue mwanachama kama anavyomjua jirani yake. Kwa hiyo swali langu moja la dirishani likakusanya kila kitu, ng'ombe, ndama, chanjo, boma, mdhamini, kijiji, majedwali kumi na manne yameunganishwa kwa pamoja, ili tu kujua kama maziwa yapande jukwaani au yasipande.

Siku za kwanza mambo yalikwenda. Tulianza na vijiji vichache. Kisha tukaingiza wanachama wote, na foleni ikaanza kurefuka. Zainabu alibonyeza kitufe, akakunja mikono, akangoja. Mwenzake naye akangoja. Nilipoitazama seva, prosesa ilikuwa imefika asilimia mia na haishuki. Na nje jua linapanda.

Cucu Wangari alikuwa na ng'ombe mmoja tu, jina lake Kanini. Maziwa ya jioni aliyaweka kwenye beseni la maji baridi usiku kucha, asubuhi akayachanganya na ya alfajiri, akayabeba mgongoni kwa kamba iliyopita kwenye paji la uso, kama walivyobeba mama zetu. Mtu wa namna hiyo akipokelewa saa moja asubuhi, maziwa yake ni mazuri kama ya mtu mwingine yeyote. Akipokelewa saa tatu, maziwa ya jioni ndiyo yanayoanza kumsaliti. Ndivyo ilivyokuwa. Siku moja Mzee Karanja akatikisa kichupa chake, yakaganda. Kwenye kadi ya kukataliwa, ambayo bado iliandikwa kwa mkono na kubaki kwa mkulima, kulikuwa na orodha ya sababu, na iliyokuwa ikiwekewa alama maziwa yanapoganda ilisema "usafi wa chombo". Kwa hiyo kadi ya mwanamke aliyesugua mtungi wake kwa mchanga na majivu kila siku ya Mungu ikasema yeye ni mchafu.

Sheria ya chama ilikuwa kali. Ukikataliwa mara tatu ndani ya mwezi mmoja, jina linafutwa kwa miezi sita. Kwa mtu wa ng'ombe kumi hiyo ni adhabu. Kwa Cucu Wangari ilikuwa ndiyo mwisho, kwa sababu Kanini alikuwa na mimba, daktari wa mifugo alikuwa wa chama, na hakuna mwingine Mugutha ambaye angemfuata mwanamke mzee mwenye ng'ombe mmoja.

Mimi nilikuwa na dawa. Nilimwambia mwenyekiti kwamba seva ina memori ndogo. Nilisema hivyo kwa uhakika wa mtu aliyesoma ukurasa mmoja wa kitabu kizima. Akakubali, memori ikanunuliwa Nairobi, nikaizima seva Jumapili mchana, nikaipachika kwa mikono yangu, nikaiwasha. Nikaipa seva nafasi kubwa zaidi ya kuhifadhi mambo yake. Jumatatu foleni ikawa mbaya kuliko Ijumaa. Jumanne ikawa mbaya zaidi, na Cucu Wangari akakataliwa mara ya pili.

Jumanne ile, foleni ikiwa bado inangoja dirishani na jukwaa halina mtungi wa kupima, Mzee Karanja alikuja chumba cha kompyuta. Hakuwa amewahi kuingia mle. Alivua viatu vyake vya mpira mlangoni bila mtu kumwambia, akaja kwa soksi, akasimama mbele ya seva akiitazama kama anavyotazama ng'ombe wa mtu mwingine.

"Maitu," akaniita. Maitu ni mama, ndivyo wazee wetu walivyowaita wasichana walipotaka kuzungumza nao kwa upole. "Hii kitu inafanya nini hiyo time yote watu wanangoja?"

Nikamjibu kwamba inatafuta. Wanachama ni wengi.

"Unajua inatafuta, ama unafikiria?"

Nikasema mzee, hii ni kazi yangu.

Hakukasirika. Akainama akaonyesha taa ndogo ya kijani mbele ya seva, akaniuliza ni ya nini. Nikamweleza kwa haraka, kama unavyomweleza mtu unayetaka aondoke, kwamba huwaka diski inaposoma data.

"Na mbona leo nimesimama hapa na haijawaka?"

Nikamwambia hiyo ni taa tu. Ndivyo nilivyosema, mwanangu, kwa mzee wa umri wa babu yangu, aliyevua viatu ili asinichafulie chumba. Hiyo ni taa tu.

Akainuka polepole. Kisha akasema maneno ambayo mpaka leo nikiyakumbuka nayaonea aibu na kuyashukuru kwa pamoja. "Mimi nikikataa maziwa ya mtu, lazima nimuonyeshe kipimo. Siwezi mwangalia tu kwa uso niseme ni mbaya. Wewe umepimia hii mashine wapi?"

Akavaa viatu vyake akaondoka.

Nilinuna. Sitaki kukuficha, nilinuna siku mbili nzima. Nilipita mbele yake jukwaani na visigino vyangu nikamsalimia kwa ukavu. Usiku nikiwa Makongeni nilipanga hoja za kununua seva mpya, kubwa, yenye prosesa mbili. Taa ile ya kijani ilinijia mara kadhaa nikaifukuza. Ilikuwa Jumanne aliponiuliza. Jumatano sikuangalia. Alhamisi asubuhi kichupa kikaganda tena, na Mzee Karanja, aliyekuwa akifahamiana na Cucu Wangari tangu wote wawili wakiwa na meno kamili, akamwonyesha kichupa, akaandika kadi ya tatu. Ndipo nikamwona kando ya mtaro akimwaga maziwa.

Nilirudi chumbani nikavua viatu. Sijui kwa nini nilivivua. Nikakaa sakafuni mbele ya seva nikaiangalia taa. Nje kulikuwa bado na watu kama hamsini kwenye foleni. Prosesa asilimia mia. Taa imezima. Inawaka mara moja, kidogo tu, inazima tena kwa muda mrefu. Mashine ilikuwa inatoka jasho na ilikuwa haisomi chochote. Mzee asiyejua kuwasha kompyuta alikuwa ameona kwa macho ya kawaida kitu nilichokataa kukiona.

Kama haisomi, inafanya nini? Hilo ndilo swali nililopaswa kujiuliza tangu siku ya kwanza. Nikafungua kitabu cha seva, safari hii nikakisoma kwa unyenyekevu. Wewe haya unayajua, lakini nivumilie, maana kuyajua na kuyakumbuka siku ya shida ni vitu viwili. Seva ikipewa swali haikimbilii kutafuta. Kwanza inakaa inapanga njia: ianze na jedwali lipi, ipite wapi, iunganishe nini na nini. Kupanga huko ndiko kunakokula prosesa. Majedwali yakiwa mawili, njia ni chache. Yakiwa kumi na manne, njia za kufikiria ni nyingi kupita kiasi. Ikishapanga inaihifadhi ile njia, ili swali hilo likirudi ipite moja kwa moja. Lakini inalitambua swali kwa maandishi yake. Likibadilika hata sekunde moja, kwake hilo ni swali geni, halijawahi kuulizwa duniani.

Nikaiagiza seva inionyeshe maswali yote iliyoyahifadhi, nikayatuma kwa printa. Ile printa yetu ya karatasi ndefu ilianza kulia na haikunyamaza mpaka nikaongeza boksi la pili la karatasi. Nikaishika karatasi nikasoma. Swali la Zainabu, Jumatatu, saa moja na dakika tatu na sekunde kumi na moja. Swali la Zainabu, Jumatatu, saa moja na dakika saba na sekunde mbili. Ukurasa baada ya ukurasa, swali lile lile moja, na juu yake muhuri wangu, kila mmoja tofauti na mwenzake. Kila mkulima aliyefika dirishani, seva ilimpangia njia upya kutoka mwanzo kana kwamba hajawahi kuja mkulima mwingine. Na ile memori niliyoiongeza kwa majivuno iliipa tu ghala kubwa zaidi la kurundika njia zisizotumika tena, na kabla ya kupanga mpya ilipekua rundo lote kwanza ikitafuta inayofanana. Haikuipata hata mara moja. Nilikuwa nimemuuguza mgonjwa kwa chakula kilichomuumiza.

Kumtibu mgonjwa huyo kulinichukua mchana mmoja. Muhuri nikautoa kwenye swali, nikauandikia jedwali lake pembeni, unaandikwa mara moja baada ya mtungi kupanda jukwaani. Mahali pa namba ya mwanachama nikaacha nafasi wazi, namba inapelekwa kando wakati wa kuuliza, ili swali lenyewe libaki vile vile kutoka kwa mkulima wa kwanza hadi wa mwisho. Mzee Karanja alifanya hivyo hivyo na kichupa chake: kipimo ni kimoja, kinachobadilika ni mtungi. Na majedwali kumi na manne nikayapunguza yakabaki matatu. Yule mtu amebeba mtungi mgongoni, hapo si mahali pa kumuuliza habari za ndama na mashemeji. Mengine karani angeyafungua akiyahitaji.

Ijumaa asubuhi Zainabu alibonyeza kitufe, akakunja mikono kama alivyozoea, na jibu lilikuwa limeshafika. Akanitazama. Akabonyeza tena, kwa mkulima wa pili, na wa tatu. Prosesa ilikuwa imelala chini kabisa. Saa moja na nusu foleni ilikuwa imekwisha na wakulima wamesimama nje wakizungumza, hawajui waende wapi mapema hivyo.

Mwenyekiti alikuja mwenyewe. Alifurahi sana, akasema aliijua tu, ile memori ilihitaji siku chache kuzoea. Akasema Jumatatu kwenye kikao cha kamati atanisifu mbele ya wote. Na mimi, mwanangu, nilitabasamu nikasema asante. Ilikuwa rahisi mno. Hakuna mtu pale Ruiru aliyejua nilichokifanya, na hakuna ambaye angekijua.

Mzee Karanja alinikuta nikifunga mlango wa chumba. Hakunipongeza. "Mashine imepona," akasema. "Na Wangari?"

Nikaanza kumweleza kuhusu sheria ya chama, kwamba kadi zikishafika tatu ni kamati inayoamua. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akatoa daftari lake la getini kwenye mfuko wa koti, akaniwekea mkononi, akaenda kusafisha jukwaa.

Nililifungua palepale. Jumanne, namba mia nne kumi na saba, ndiyo namba ya uanachama ya Cucu Wangari, amefika saa kumi na mbili na dakika kumi. Alhamisi, amefika saa kumi na mbili na dakika tano. Nikakimbilia rundo la karatasi za printa. Muhuri wangu, ule uliotuletea balaa yote, ulikuwa umeandika kila kitu. Jumanne, namba mia nne kumi na saba imeulizwa dirishani saa tatu na dakika kumi na mbili. Alhamisi, saa tatu na dakika ishirini. Kwa muda wa saa tatu nzima mwanamke yule alisimama juani na maziwa mazuri, tukamwandikia kwamba chombo chake ni kichafu. Nilitafuta pia siku ya kwanza aliyokataliwa, sikuipata. Niliizima seva Jumapili kupachika memori, na yale iliyokuwa imeyahifadhi yakapotea.

Jumamosi na Jumapili sikula vizuri. Nilikuwa najipa sababu. Nitafukuzwa. Watasema mwanamke hawezi kazi ya mashine, na baada yangu hawatamwajiri mwingine. Hiyo sababu ya pili ilikuwa nzuri sana, ilivaa nguo safi, na niliipenda. Lakini kila nilipoiangalia vizuri niliona chini yake ni woga wangu mwenyewe tu.

Jumatatu niliingia kwenye kikao na rundo la karatasi na daftari la mzee. Bwana Mwangi alikuwa ameanza sifa zake. Nikamwomba radhi nikamkatiza, nikawaeleza. Niliwaeleza polepole, bila maneno ya kitabu, kwamba swali nililiandika vibaya, kwamba memori haikusaidia bali iliongeza ubaya, kwamba Mzee Karanja aliniuliza Jumanne, na ningeangalia Jumanne ile ile, Alhamisi isingetokea. Nikaweka daftari kando ya karatasi nikawaonyesha saa za kufika na saa za kuulizwa.

Bwana Mwangi alilivuta daftari karibu yake, akazisoma saa zote mwenyewe. "Kwa hivyo unatuambia tuandike kwa minutes ya kwamba Injinia wetu ndiye aliharibu maziwa ya watu."

"Ndiyo," nikasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Hawakunifukuza. Walinikaripia, wengine kwa maneno makali niliyostahili, na mmoja akauliza kama itabidi wamtafute mwanamume. Mwenyekiti ndiye aliyemjibu, kwamba mwanamume angekaa kimya. Kadi mbili za Cucu Wangari zikafutwa. Ya kwanza ilibaki, sikuwa na ushahidi wake, na Mzee Karanja alisema hivyo ndivyo inavyopaswa, kisichopimwa kisisemwe. Kadi moja haimfuti mtu.

Jumanne Cucu Wangari alirudi, maana nilikwenda mwenyewe Mugutha jioni kumwambia. Pale nyumbani kwake alinipa uji, nami nikazigonga kadi zake mbili muhuri wa kamati wa kufuta. Asubuhi akafika dirishani na mtungi wake mgongoni, foleni ikiwa nyuma yake, akatoa zile kadi mbili kwenye kitambaa alikokuwa amezifunga. Muhuri wa kufuta ulikuwa juu yake. Hilo halikumtosha. Akaweka kidole chake kwenye ile sababu, "usafi wa chombo", akasema anataka ikatwe, na iandikwe ukweli, kwa kalamu, na aliyeandika programu ndiye aandike.

Zainabu akaniita. Nikaja. Nikakata maneno yale, nikaandika juu yake: Chombo safi. Kosa la mashine. Nikamsomea.

Cucu akanigeukia. Hakuwa na hasira. Alikuwa mtu anayetaka hesabu ya maneno ikae sawa. "Hiyo mashine," akasema, "ilijiandikia yenyewe?"

Watu wote kwenye foleni walisikia. Nikaichukua kalamu tena. Nikakata neno "mashine", nikaandika jina langu, Njeri. Nikamsomea tena: Chombo safi. Kosa la Njeri. Akaitikia kwa kichwa, akazikunja kadi, akazifunga kwenye kitambaa chake, akapanda jukwaani. Kichupa cha Mzee Karanja hakikuganda.

Sasa, mwanangu, kuhusu seva yenu. Labda kweli ni ndogo, inawezekana, mimi siioni nikiwa huku. Lakini kabla hujasaini karatasi ya kununua nyingine, kaa mbele yake ujue inatumia muda wake wapi. Usiniambie unadhani. Kama prosesa inachemka na diski imetulia, kaangalie maswali mnayoitupia, na nitashangaa nikisikia hamjabandika juu yake kitu ambacho mtu fulani alijivunia. Muhuri una mahali pake, na mahali pake si ndani ya swali. Uliza kwa namna moja, acha nafasi wazi ya kinachobadilika, na usiulize usichohitaji kujua wakati mtu amebeba mzigo. Mtu asiyejua kazi yako akikuonyesha taa iliyozima, piga magoti uitazame siku hiyo hiyo. Mimi nilichelewa siku mbili, na siku mbili hizo hazikuwa zangu, zilikuwa za mwanamke mwingine na ng'ombe wake.

Na likishatengemaa, watakapokuja kukusifu kwa dawa isiyotibu kitu, waambie. Utaogopa, waambie tu. Usiwaache watu waandike kosa la mashine mahali ambapo jina lako linatosha. Kazi niliifanya miaka mingi baada ya hapo, na nilipewa kazi kubwa kuliko ile, na walionipa wengi wao walikuwa wamesikia kuhusu kadi ya Cucu Wangari kabla hawajanisikia mimi.

Enenda mwanangu. Mungu akupe macho ya Mzee Karanja na mgongo wa Cucu Wangari. Akupe watu watakaovua viatu mlangoni kwako ili wakuulize swali gumu, na akupe moyo wa kuwavutia kiti. Mikono yako itengeneze zaidi ya inavyoharibu, na pale itakapoharibu, kalamu isikuishie wino.